Ram Kabla ya i7: Kompyuta ya Kuhakiki Michoro ya Chipu Eastlands

Waya wa safu ya kwanza ya metali katika teknolojia ya SKY130 hauruhusiwi kuwa mwembamba kuliko mikromita 0.14, wala kumkaribia mwenzake kwa chini ya kipimo hichohicho. Kanuni za aina hiyo ziko mamia, na mchoro wa chipu, hata ule wa mwanafunzi, una maumbo maelfu kwa maelfu. Hakuna jicho la kuyakagua yote. Ukaguzi hufanywa na programu, programu inataka kompyuta, na hapo ndipo swali linapoangukia meza ya kijana wa uhandisi anayekaa Umoja, Kayole au Buruburu, Eastlands ya Nairobi: anunue mashine gani?

Miaka kumi na mitano iliyopita swali hilo lisingefika Eastlands. Viwanda vya chipu vilizifungia kanuni zao kabatini. Aliyetaka kuziona alitia saini mkataba wa siri kwanza, kisha akalipia programu zenye bei ya kutisha. Juni 2020 mlango ulifunguliwa kidogo, pale Google na kiwanda cha SkyWater cha Minnesota, Marekani, walipoziweka hadharani faili za teknolojia ya nanomita 130, ndiyo hiyo SKY130. GlobalFoundries ikafuata mwaka 2022 na teknolojia yake ya nanomita 180, na taasisi ya IHP ya Ujerumani nayo ikatoa yake. Mwaka huohuo wa 2022 Matt Venn alianzisha Tiny Tapeout, mpango unaokusanya michoro midogo ya watu wengi kwenye chipu moja ili gharama igawanywe. Kila mshiriki hupata kiwanja cha takriban mikromita 160 kwa 100, na anaweza kununua zaidi ya kimoja.

Kenya nayo imo. Kampuni ya Semiconductor Technologies Limited iko Nyeri, kwenye bustani ya sayansi na teknolojia ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na Mei 2024, Rais William Ruto alipozuru Washington, serikali ya Marekani ilitangaza kuishirikisha nchi hii katika mfuko wa ITSI uliozaliwa na sheria ya CHIPS ya 2022. Hayo ni mambo ya wakubwa. Kijana aliyepanga chumba Umoja Innercore ana swali lake: akiwa na pesa za mashine moja, na hiyo moja ni ya mtumba, pesa hizo aziweke wapi?

Jibu halihitaji maneno mengi. Kuhakiki mchoro kunadai ram kwanza, halafu kasi ya kiini kimoja cha prosesa, halafu idadi ya viini, halafu diski. Kadi ya picha huja mwisho, ikiwa itakuja. Maduka ya Luthuli na Moi Avenue huuza kwa mpangilio ulio karibu kinyume kabisa: kibandiko cha i7, ukubwa wa diski, kadi ya michezo, na ram hutajwa mwishoni kana kwamba ni mkoba wa kubebea. Ili kuona kwa nini orodha hizi mbili zimepishana hivyo, inabidi kuzifungua programu zenyewe.

Uhakiki una sehemu mbili kuu. Ya kwanza, ambayo mafundi huiita DRC, hupima maumbo: upana, nafasi kati ya umbo na umbo, kiasi ambacho safu moja inapaswa kuifunika nyingine, msongamano wa metali. Ya pili, LVS, haijali vipimo. Huchimbua saketi kutoka kwenye mchoro, ikatambua transista na nyaya, kisha ikalinganisha na saketi aliyoikusudia mhandisi. Mchoro unaweza kupita DRC bila doa huku waya wa umeme umegusana na wa ardhi.

Chukua KLayout, programu ya bure iliyoandikwa na Mjerumani Matthias Köfferlein na ambayo leo ni tegemeo la wengi. Katika DRC hubadilisha maumbo kuwa kingo, huzipanga kwa mfuatano, kisha hupitisha mstari wa kufikirika juu ya mchoro kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikiuliza kila hatua nani amemkaribia nani. Kila ukingo una ncha mbili, kila ncha namba mbili, kila namba baiti nne. Jumla baiti 16. Ni kitu kidogo. Lakini safu yenye mistatili milioni 100 ina kingo milioni 400, na kingo hizo peke yake ni gigabaiti 6.4, kabla programu haijahifadhi hata tokeo moja la katikati. Kanuni nyingi hulinganisha safu mbili au tatu kwa pamoja. Mashine ya gigabaiti 8, ambayo kivinjari cha intaneti kimeshaitafuna nusu, hufika mahali ikaanza kumwaga data kwenye diski, na kazi iliyokuwa ya dakika kumi inakesha usiku kucha.

Njia za kukwepa zahama hiyo zipo, na hazina gharama. KLayout inaweza kuhakiki kwa njia bapa, kwa ngazi au kwa vigae. Tuseme mchoro una kumbukumbu ya kilobaiti moja iliyotengenezwa kwa OpenRAM, programu iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha California, Santa Cruz. Ndani yake mna seli 8,192 zinazofanana. Njia bapa huzinakili zote 8,192 na kuzikagua moja moja. Njia ya ngazi huitazama seli moja pamoja na majirani zake, kisha jibu lilelile likatumika kila mahali mazingira yanapolingana. Njia ya vigae huukata mchoro vipande, kila kipande kikapewa kiini chake cha prosesa. Anayebadilisha mstari mmoja wa skripti kutoka bapa hadi ngazi, kwenye mchoro wenye marudio mengi, huokoa ram nyingi kuliko atakayoinunua kwa mshahara wa mwezi.

Njia ya vigae ina mtego wake. Viini vinane vikifanya kazi, maana yake vigae vinane viko wazi kwa wakati mmoja, kila kimoja na kingo zake. Anayenunua viini vingi bila kuongeza ram hujikuta na prosesa inayosubiri nafasi. Ndiyo sababu ram inatangulia kwenye orodha hata kwa mtu mwenye viini vya kumwaga.

Kasi ya kiini kimoja ina hoja yake, na hoja hiyo ina umri wa miaka 40. Magic, programu iliyozaliwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mikononi mwa John Ousterhout na wanafunzi wake mwanzoni mwa miaka ya 1980, bado inatumika kila siku kwenye SKY130, na sasa hutunzwa na Tim Edwards. Ilikuwa na jambo lililoshangaza wakati huo: hukagua kanuni papo hapo mchoraji anapochora, pasipo kuamriwa. Lakini iliandikwa enzi za kompyuta zenye prosesa moja, na hadi leo hutumia kiini kimoja. Netgen, inayofanya LVS na ambayo pia iko chini ya Edwards, ni vivyo hivyo. Mwenye viini 14 na mwenye viini vinne, wote wawili wakiendesha Magic, wanatumia kimoja kimoja. Atakayemaliza mapema ni yule ambaye kiini chake ni chepesi.

Hata pale programu inapogawa kazi, mgao una mpaka. Gene Amdahl aliionyesha hesabu yake mwaka 1967, nayo haijachakaa. Ikiwa asilimia 30 ya kazi haiwezi kugawanywa, viini vinane haviipi kasi mara nane. Vinaipa mara 2.6 hivi. Kusoma faili, kujenga ngazi na kuandika ripoti ya makosa ni kazi ambazo mara nyingi hufanywa na kiini kimoja huku vingine vikitazama.

Sasa turudi dukani. Muuzaji hufungua kifuniko cha kipakatalishi, akaonyesha kibandiko kwa kidole: i7, ex-UK, safi kabisa. Mara nyingi hasemi uongo. Ila i7-7600U, prosesa ya kizazi cha saba iliyomo kwenye vipakatalishi vingi vya ofisi vilivyotoka Ulaya, ina viini viwili tu. i5-8350U ya kizazi cha nane, ambayo mara nyingi huuzwa kwa kibandiko cha i5 bila mbwembwe, ina vinne. Mnunuzi anayesoma herufi badala ya namba inayofuata hulipa zaidi ili apate nusu.

Mtego wa pili uko kwenye meza ya kompyuta kubwa. Xeon E5-2680 v4 ya mwaka 2016 ina viini 14, na jina lake linavutia. Kasi yake ya juu kabisa ni gigahezi 3.3. Core i7-8700, inayopatikana kwenye kompyuta za mezani za ofisi, ina viini sita tu lakini hufika gigahezi 4.6, tena kwa muundo mpya zaidi. Kwa Magic na Netgen, i7-8700 inashinda bila ubishi. Kwa KLayout ya vigae kwenye mchoro mkubwa, Xeon inarudi mchezoni, hasa kwa sababu ya jambo lisilo kwenye kibandiko: bodi zake hubeba ram nyingi zaidi, na huisoma kwa njia nne sambamba badala ya mbili.

Ram kiasi gani, basi? Waandishi wa OpenLane, programu inayotoa mchoro kutoka kwenye maandishi ya saketi na kuuhakiki mwishoni, wanataja gigabaiti 8 kama kiwango cha chini na 16 kama kinachopendekezwa. Kwa kiwanja kimoja cha Tiny Tapeout, 16 inatosha na kusaza. Lakini eneo la mtumiaji kwenye Caravel, fremu iliyotumiwa na kampuni ya Efabless hadi ilipofunga milango mwaka 2025, ni milimita 2.92 kwa 3.52. Hilo ni zaidi ya mara 600 ya kiwanja cha Tiny Tapeout, na huko gigabaiti 32 ndizo za kuanzia mazungumzo. Anayenunua leo anunue mashine yenye 16, mradi iwe na nafasi ya kufika 64.

Hiyo nafasi ndiyo inayosahaulika. ThinkPad T480 ina matundu mawili ya ram yanayofunguka kwa bisibisi. Vipakatalishi vyembamba vya X1 Carbon vya mtengenezaji huyohuyo vina ram iliyochomelewa kwenye bodi, na ulichonunua ndicho utakachozeeka nacho. MacBook Air ya M1 ya mwaka 2020 ina kiini chepesi ajabu, na KLayout hukimbia juu yake vizuri, lakini nyingi zilizoko sokoni zina gigabaiti 8 zisizoongezeka. Ni mashine nzuri kwa kuchora. Kwa kuhakiki mchoro mkubwa ni ukuta.

Kwenye kompyuta za mezani, mambo huharibikia kwenye aina ya ram. HP Z440 na Dell Precision T5810 hutumia ram za seva, zile zinazorekebisha makosa zenyewe, na kwa kuwa vituo vya data vya Ulaya huzitoa kwa wingi, mara nyingi zimekuwa rahisi kuzipata kuliko watu wanavyodhani. OptiPlex na EliteDesk za ukubwa wa kawaida hutaka ram za kawaida za mezani. Kipakatalishi hutaka fupi. Zote zimeandikwa DDR4. Mtu akibeba kipande cha seva kutoka mjini hadi Donholm akakichomeka kwenye OptiPlex, hakuna kitakachowaka, na muuzaji atasema kilitoka dukani kikiwa kizima. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya ram imepanda duniani kote, viwanda vikielekeza uzalishaji kwenye mashine za akili bandia, kwa hiyo kosa hilo linauma zaidi kuliko zamani.

Windows nayo hula fungu lake kimyakimya. Programu hizi nyingi zimezaliwa kwenye Linux, na wengi huziendesha ndani ya Windows kupitia WSL. Kwa kawaida WSL hujipa nusu tu ya ram iliyopo. Mwenye gigabaiti 8 anahakiki kwa 4 bila kujua, kisha analaumu mchoro. Kuweka Ubuntu moja kwa moja kwenye mashine hurudisha gigabaiti zilizopotea, na ni jambo la jioni moja.

Kuhusu kadi ya picha, maneno machache. KLayout huchora skrini yake kwa prosesa. Utafiti wa kuhamishia DRC kwenye kadi upo. OpenDRC, kazi iliyochapishwa mwaka 2023 na watafiti wa Hong Kong, ni mfano mzuri. Lakini skripti za SKY130 na IHP ambazo kijana wa Kayole atazipakua leo zimeandikwa kwa KLayout na Magic. Pesa za kadi ya michezo ziende kwenye ram, au kwenye skrini ya pili, ambayo mchoraji ataishukuru kila siku.

Diski ni jambo la kumaliza haraka pia. SSD ni lazima, kwa sababu faili za teknolojia moja na makontena ya programu zake huchukua gigabaiti nyingi, na kifurushi cha IIC-OSIC-TOOLS cha Chuo Kikuu cha Johannes Kepler, Linz, kinachokusanya karibu kila kitu mahali pamoja, si kitu cha kupakuliwa kwa bando za simu. Kati ya SSD ya kawaida na ile ya NVMe, tofauti huonekana wakati wa kufungua faili kubwa na kutoweka wakati wa kuhakiki.

Mashine ya mtumba ipimwe kabla pesa hazijatoka mfukoni. Njia bora ni kwenda dukani na flashi iliyowekwa Ubuntu na KLayout nyumbani, pamoja na mchoro mmoja na skripti yake. Mashine huwashwa kutoka kwenye flashi pale pale kaunta. Amri ya lscpu husema viini ni vingapi kwa kweli. Ile ya free husema ram ni kiasi gani. Kisha DRC huendeshwa na muda ukahesabiwa. Iachwe ikimbie robo saa, si dakika mbili. Prosesa za wati 15 huanza kwa kishindo, na joto likipanda hushusha kasi, na feni iliyojaa vumbi la miaka mitano ya ofisi ya Birmingham hujitaja yenyewe kwa sauti. Kwa mashine kubwa, MemTest86+ iachwe usiku kucha siku ya kwanza nyumbani, dhamana ikiwa bado hai. Baiti moja mbovu kwenye ram inaweza kubuni kosa lisilokuwepo, au kuficha lililopo, na hilo la pili ndilo baya.

Mpaka hapa hoja ni zilezile kwa mhandisi wa Nairobi na wa Munich. Zinapoachana ni kwenye stima.

Umoja ilijengwa katika miaka ya 1970 kwa ufadhili wa shirika la misaada la Marekani, USAID, nyumba ndogo za familia moja moja zenye nafasi ya kuongeza chumba. Leo juu ya viwanja vingi vya aina hiyo pamesimama ghorofa za wapangaji kwa makumi, na nyaya zinabeba mzigo ambao hakuna aliyeuchora. Stima hupotea, hurudi ikiwa dhaifu, hupotea tena. Na kuna usiku ambao si suala la mtaa: Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023 giza lilifunika karibu nchi nzima, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, ulioko Embakasi, haukunusurika. DRC iliyokuwa imekimbia kwa muda wa saa tano, usiku ule ilianza upya kutoka sifuri.

Kwa hiyo kipakatalishi, ambacho kwenye orodha ya kasi hushindwa na kompyuta ya mezani, Eastlands hupata alama zisizo kwenye jedwali lolote la vipimo. Betri yake ni akiba ya stima iliyojengewa ndani, ingawa betri ya ex-UK ni ya kubadilishwa mapema. Mwenye kompyuta ya mezani lazima aongeze UPS kwenye bajeti. Na UPS ndogo haimpi saa za kuendelea kufanya kazi. Humpa dakika za kuhifadhi na kuzima. Skripti nayo igawanywe: safu za chini zikaguliwe peke yake, za metali peke yake, kila sehemu ikiandika ripoti yake, ili giza likiingia lipotee fungu moja tu. Skripti ya SKY130 tayari ina swichi za kuwasha na kuzima mafungu hayo, na IHP hutoa seti fupi ya kanuni na seti kamili. Fupi ni ya mchana kutwa wakati wa kuchora, kamili ni ya kabla ya kutuma.

Halafu tokeni za stima. Tuseme kompyuta kubwa ya Xeon inakula wati 200 ikiwa kazini, saa 10 kwa siku. Hizo ni uniti mbili kila siku, uniti 60 kwa mwezi. Kipakatalishi cha wati 30 kwa saa zilezile hutumia uniti tisa. Nyumba iliyokuwa ikitumia uniti 70 itafika 130, na katika bei za Kenya Power wastani ukivuka uniti 100 kwa mwezi nyumba huingia daraja la bei ya juu la matumizi ya nyumbani. Mashine iliyouzwa rahisi inaendelea kununuliwa kila unapobonyeza namba za tokeni. (Kwa haki yake: maandishi ya wati 700 kwenye kisanduku cha umeme cha Z440 ni uwezo, si ulaji. Wapangaji wengine huikataa mashine kwa kusoma namba hiyo tu.) Na kwenye ploti ambako mita ni ya mwenye nyumba, yule anayekataza koili na hita atataka maelezo kuhusu sanduku linalonguruma usiku.

Basi kwa nini mashine kubwa iwe nyumbani hata kidogo? Hili ndilo swali lenye uzito, na kwa wanaoanza jibu ni kwamba si lazima. Violezo vya Tiny Tapeout huendesha uzalishaji wa mchoro na ukaguzi wake kwenye seva za GitHub, bure kwa miradi ya wazi, na mashine ya kawaida inayotolewa huko ina viini vinne na gigabaiti 16. Mtu mwenye EliteBook ya gigabaiti 8 Dandora anapata ukaguzi uleule anaoupata mwenzake wa Berlin. Kinachobaki nyumbani ni kuchora, kufungua ripoti, kutafuta kosa lilipo na kulirekebisha, na hizo ni kazi za ram ya wastani na kiini chepesi.

Kukodi seva kwa saa ni hatua inayofuata. Google ilifungua kituo chake cha wingu Johannesburg Januari 2024, na Amazon ina chake Cape Town tangu 2020, hivyo umbali si kikwazo kama zamani. Kwa ukaguzi wa mwisho unaohitaji gigabaiti 128 mara mbili kwa mwaka, kukodi kunashinda kununua kwa mbali. Kwa anayehakiki mara ishirini kwa siku, bili ya dola hupanda kabla hajaiona, na kusahau kuizima seva jioni moja kunaweza kugharimu kuliko tokeni za mwezi. Mgawanyo unaofaa ni huu: ukaguzi mfupi wa mara kwa mara nyumbani, ule mzito wa mara chache kwa kukodi.

Anayeajiriwa na kampuni ya chipu ya ng'ambo, akifanya kazi kutoka Buruburu, anakutana na hali nyingine kabisa. Huko hutumika Calibre ya Siemens, Pegasus ya Cadence au IC Validator ya Synopsys, kwenye seva za Linux zenye ram ya mamia ya gigabaiti na zaidi. Leseni ndizo zinazotawala ununuzi: mara nyingi hulipiwa kufuata idadi ya prosesa zinazotumika, na kwa kuwa leseni ni ghali kuliko chuma, kampuni hununua viini vichache vilivyo vyepesi kupita kiasi. Ndiyo sababu AMD ilitoa mwaka 2022 prosesa za seva zenye kashe ya hadi megabaiti 768 na kuwalenga wasanifu wa chipu waziwazi. Lakini mfanyakazi wa Buruburu haigusi mashine hiyo. Mikataba ya siri hairuhusu mchoro utoke kwenye seva, kwa hiyo kinachomfikia ni picha ya skrini kupitia mtandao. Kwake ram ya gigabaiti 8 inatosha, na pesa ziende kwenye skrini kubwa, faiba isiyoyumba na laini ya pili ya data ya akiba. Akinunua Z440 amenunua hita.

Kuna mpangilio mmoja zaidi, ambao wanafunzi wa mtaa mmoja wanaweza kuuweka kwa urahisi kuliko wanavyofikiri. Mashine moja kubwa, Z440 au T5810 yenye gigabaiti 64 au 128 za ram ya seva, huwekwa nyumbani kwa yule ambaye stima yake ni ya kuaminika na mita ni yake mwenyewe. Wengine hubaki na vipakatalishi vyao vya mtumba na kuingia kwa SSH. KLayout huweza kuendesha DRC bila kufungua dirisha lolote, kwa hiyo kinachosafiri kwenye intaneti ni mchoro wa kwenda na ripoti ya kurudi, faili ambazo hata bando hazilalamiki. Foleni hupangwa ili kazi mbili nzito zisigombanie ram. Kazi za Magic, ambazo hutumia kiini kimoja kila moja, zinaweza kwenda nne au tano kwa pamoja, na hapo ndipo viini 14 vya Xeon vinapopata kazi ya kweli. Gharama ya kununua hugawanywa mara moja, uniti 60 za kila mwezi hugawanywa kwa vichwa, na UPS nzuri inunuliwe moja badala ya mbovu tano.

Cha kukubaliana mapema ni nani anayeongeza tokeni ikiisha katikati ya LVS ya mtu mwingine.